Akina Chacha wa Gazetini

Mwanangu Mwita,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaileta. Hapa Matongo sisi tu wazima, ila moyo wangu hautulii. Ndiyo maana nimeshika kalamu kwa herufi hizi za darasa la ubatizo, zile ulizokuwa ukizicheka. "Mama, hiyo 'a' yako imelewa," ulisema, nami nikakukimbiza na mwiko.

Jumapili, baada ya ibada, mwalimu wa dini alitusomea gazeti pale nje. Kwanza Chacha mmoja ameingizwa kwenye baraza la wazee. Halafu Chacha mwingine, kijana, ameshinda mbio. Nyamhanga, baba yako mdogo, akapiga kelele, "Shemeji, leo gazeti ni letu! Bado wewe tu kuandikwa!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Ndipo mwalimu akasoma habari ya tatu: askari Chacha, mtu wa Tarime, ameuawa vitani huko Kenya. Jina lingine hakuna. Kijiji hakuna. Mwalimu aligeuza ukurasa akitafuta, akarudi, akalikunja gazeti.

Wewe ni askari. Uko Kenya. Na huko kazini wanakuita kwa jina la marehemu baba yako, Chacha.

Jioni Nyamhanga akaja na wanawake wawili na wembe. "Shemeji, kaa unyolewe. Mama aliyefiwa hakai na nywele."

"Kanyoe mbuzi wako," nikamwambia. "Akina Chacha ni wengi kama nyumbu. Ninyi mlikosa majina mengine?"

"Ubishi haumfufui mtu."

"Na gazeti halimuui."

Wakaondoka wamenuna. Mkeo Ghati alikuwa amekaa karibu na mafiga. Akaniuliza, "Mama, nilie au nisilie?" Nikamwambia asonge ugali.

Tangu hapo unanijia akilini vipande vipande. Ulipokuwa mchanga ulilia ukakataa ziwa, bibi yako akakutajia majina ya wazee waliotangulia, moja moja, polepole. Alipofika kwenye jina Mwita ukanyamaza, ukanyonya. Jina hilo ulilichagua mwenyewe. Hilo lingine, Chacha, umeandikiwa na karani wa jeshi. Nakumbuka na asubuhi ya kuondoka, ulivyonitua kuni kichwani ukasema, "Nikirudi utapumzika." Mimi sikuomba kupumzika, mwanangu. Niliomba urudi.

Linalonisumbua zaidi ni hili. Nikipiga magoti nasema, Mungu, asiwe wangu. Halafu nashtuka. Asipokuwa wangu ni wa mwenzangu, na huyo mwenzangu naye pengine amepiga magoti saa hiyohiyo, anasema maneno hayohayo, msiba anausukumia kwangu. Siku hizi naanza sala, nafika katikati, naishia hapo.

Kambi yako siijui. Nimemwomba mwalimu aitume barua hii kwa gazeti lilelile, labda itakufikia. Mkeo bado hajalia, nami nywele ninazo, lakini watu wa nyumbani hawatanivumilia sana. Ukiiona, andika upesi. Na jina lako liweke lote: Mwita, mwana wa Chacha, wa Matongo. Na askari yeyote mwingine aitwaye Chacha atakayesomewa haya, naye amwandikie mama yake, hata kama ni mstari mmoja. Ninyi akifa mmoja, sisi mama zenu tunafiwa wote.

Nakuacha mikononi mwa Mungu, mwanangu.

Mama yako