Kichupa kwenye pindo la kitenge

Josi, siamini! Ndiyo natoka wodini.

Adelfina wetu, kidonda cha operesheni ya uzazi kimefumuka, usaha mtupu. Wiki nzima mama mkwe kamtangaza kijiji kizima cha Runazi kwamba ni mchafu, hajui kujiosha. Naye Adelfina analia, anaomba msamaha. ANAOMBA MSAMAHA, Josi!

Leo daktari kauliza: ile sindano ya kuzuia usaha, ya kuchomwa kabla ya kupasuliwa, ilikwenda wapi? Mumewe Audax akashangaa. Aliinunua, akampa mama yake aipeleke kwa nesi. Kumbe mama aliwaambia manesi haikupatikana! Mtoto alishachoka tumboni, wakapasua hivyo hivyo.

Mama kafungua pindo la kitenge. Kichupa cha dawa hiki hapa, kizima.

“Siku ile hakuwa mgonjwa. Nilimtunzia.”

NILIMTUNZIA!

Na Adelfina, anatetemeka kwa homa, kamjibu: “Asante, mama.”