Mbwa Aliyekula Mlango

Jumatatu, 3 Machi 1958

Kamanda amekula mlango. Si wote – pembe ya chini tu, lakini imekwisha kabisa. Nimerudi kutoka kazini nikamkuta amelala juu ya vipande, mdomo una rangi ya kijani. Rangi ya Mzee Alamin hiyo! Ndiye mwenye nyumba, akiona sijui nitasema nini. Mchwa?

Mke wangu Jelagat anasema alitoka kidogo tu kwenda sokoni. Kidogo! Mbwa gani anamaliza mbao kwa kidogo?

Nilipooa Kuresoi mwezi wa Desemba niliambiwa nachukua mke. Habari ya mbwa hakuna aliyeitaja. Siku ya kuja Nakuru alipanda lori kabla yangu, akakaa karibu na Jelagat, mimi nikakaa na magunia ya viazi.

Jumatano, 5 Machi

Leo ni kiatu. Cheusi, cha kushoto, kile cha kanisani. Ametafuna kisigino na kuacha kamba zote nzima.

Ajabu ni hii: cha Jelagat hagusi. Shuka zake salama. Kibuyu chake cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kinaning'inia pale pale, kikavu tangu tulipohamia. Cha kwangu ndicho kitamu. Nimemuuliza Jelagat sababu.

"Labda viatu vyako iko na harufu ya nyama."

"Viko na harufu ya mguu."

"Basi ni hiyo."

Tumecheka wote wawili. Sasa nikiandika sijui nilicheka nini, kiatu ni changu.

Nimeleta chupa ya maziwa kutoka kiwandani kama kawaida. Kufanya kazi ya ukarani kwenye kiwanda cha maziwa kuna faida yake. Jelagat alitia kwenye chai. Mursik hatengenezi. Nilipomwuliza alisema maziwa ya chupa hayana mwenyewe. Nikamwambia mwenyewe ni mimi, nimeyabeba. Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mtoto.

Alhamisi, 6 Machi

Wamalwa wa ofisini anasema nimfunge kamba. Mathenge wa stoo anasema pilipili: paka mlango wote, mbwa akionja mara moja hatarudia. Mathenge hana mbwa. Lakini anasema kwa sauti ya mtu mwenye mbwa kumi, nami nimenunua pilipili.

Ijumaa, 7 Machi

Pilipili! Mathenge asinisalimu tena.

Kamanda alilamba. Akawashwa. Akanywa maji yote ya beseni, akarudi kwa hasira akapanua lile tundu mpaka akatoka nje. Na nje alikuwa nani? Mzee Alamin, kanzu nyeupe, anaelekea msikitini kwa sala ya Ijumaa. Kamanda akamsalimu kwa pua. Pua yenyewe imelowa.

Ilibidi kanzu ioshwe mara saba, moja kwa udongo, na mzee akabadili nguo na kuchelewa. Jioni alikuja mwenyewe. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Kipkoech, mimi sina ugomvi na mbwa. Naye kaumbwa na Mungu. Lakini uani hapa watu wanaswali. Mpaka Ijumaa ijayo umtafutie pahali."

Akaondoka bila kuutazama mlango. Aliuona, lakini hakuutazama. Heshima ya namna hii inaumiza kuliko matusi.

Mkewe, Bi Kuluthum, alibaki nyuma kunifariji. Akasema mnyama si kosa lake masikini, kiumbe akiachwa peke yake tangu asubuhi mpaka alasiri, kila siku ya Mungu, afanye nini?

Tangu asubuhi mpaka alasiri. Kila siku. Nilimshukuru nikaingia ndani. Jelagat alikuwa anasonga ugali. Nikatafuta ubao, nikaziba tundu la mlango.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani nimesikiliza mahubiri nusu. Nusu nyingine nilikuwa natazama wanaume. Yule fundi cherehani mwenye jino la dhahabu alimwamkia Jelagat kwa upole mno. Mwimbaji wa sauti nzito naye ana baiskeli. Mtu mwenye baiskeli anaweza kufika popote.

Najiambia usiwe mjinga. Mke wa miezi mitatu! Lakini sokoni kila siku, na kikapu hakina hata kitunguu. Na miguu yake jioni imesuguliwa ikang'aa kupita kiasi. Naogopa. Nimeandika, basi. Naogopa.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimewaambia ofisini jino linaniuma. Saa tatu nilikuwa nyumbani. Mlango umefungwa, Kamanda ndani anapiga yowe, Jelagat hayupo.

Nikasema: wewe bwana mla mlango, kama unamlilia, basi unajua alikoenda. Nikamfunga kamba, nikamfungulia. Mama yangu! Sikumpeleka mimi, nilipelekwa. Tukapita sokoni – hata hakugeuza kichwa. Tukapita kwa fundi wa jino la dhahabu. Yuko mashineni, mdomo umejaa pini, nikamwamkia kwa furaha mpaka akashangaa. Tukatoka mjini kabisa, njia ya Kiamunyi. Mimi na tai yangu, viatu vya kuazima kwa Wamalwa, vumbi mpaka magotini. Wanawake wenye kuni walisimama kando kutupisha. Mmoja akauliza mwenzake ni nani anamchunga nani.

Tulifika kwenye shamba la mzungu mmoja, nyuma, kwenye vibanda vya wafanyakazi. Kuna boma dogo la miiba. Na ndani Jelagat amechuchumaa chini ya ng'ombe mweusi, paji la uso limelala kwenye ubavu wake, anakama na kuimba. Wimbo wa kwao, ule wa kumtuliza ng'ombe. Tangu aje mjini sijamsikia akiimba hata siku moja. Sikujua kwamba sijamsikia.

Nilisimama nikasahau kamba. Kamanda akachomoka. Mwenye boma, mama mmoja anaitwa Chemutai, mke wa mchunga ng'ombe wa hapo, akapiga kelele: "Shika hiyo mbwa! Bwana mkubwa hapa napiga risasi mbwa ya nje!" Lakini Kamanda hakubweka wala hakuuma. Alizunguka ndama wawili waliokuwa wanatoroka, akawarudisha taratibu, akakaa mlangoni mwa boma, masikio juu. Mbwa yule yule! Kwangu mwizi, pale mfanyakazi.

Jelagat akainuka na maziwa mkononi. Nilikuwa nimepanga maneno makali njia nzima. Nikasema, "Nimekuja kuuliza habari ya mlango."

Hakucheka.

"Wewe naandika maziwa mchana yote," akasema. "Unajua ng'ombe moja jina yake?"

Sikujua hata mmoja. Mimi, mtoto wa Olenguruone, niliyekulia zizini! Huyo mweusi anaitwa Tuiya.

Jumatano, 12 Machi

Amenieleza yote. Hakuficha kwa ubaya, aliona haya. Karani gani mke wake anaenda kunuka samadi kwa watu? Kwa hiyo anakwenda nikishatoka, anarudi, anaosha miguu. Kamanda hawezi kwenda naye kwa sababu ya bunduki. Na jioni anarudi na harufu ya ng'ombe mikononi, mbwa ananusa, anajua ameachwa. Mbwa alijua kabla yangu. Harufu ile mimi nilidhani ni sabuni mpya!

Na kosa la kumfungia ndani ni letu sote. Kwetu mbwa hafungiwi. Mlango ukifungwa, yeye yuko nje na mifugo. Nani aliwahi kumfungia mbwa wa ng'ombe chumbani, alinde kabati? Sisi.

Nikamwambia aende kwa Chemutai waziwazi, hata kesho. Akasema sawa. Kisha akauliza: "Na Ijumaa?"

Ijumaa, 14 Machi

Amemrudisha Kamanda kwao Kuresoi. Nimewasindikiza mpaka kwenye basi la Molo. Utingo alikataa mbwa, Jelagat akamtazama, utingo akakubali.

Nikauliza atarudi lini. "Nitarudi nikirudi."

Nikasema kwa mzaha kwamba mlango utamkumbuka Kamanda. Akatabasamu, lakini dirishani alikuwa anatazama mbele. Kibuyu amekibeba.

Jumamosi, 15 Machi

Mzee Alamin amenishukuru. Ugali umeungua. Uani kimya.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Nimefagia. Nimepanga viatu. Nimefagia tena. Nimefungua mlango, nimefunga, nimefungua. Bi Kuluthum akapita akauliza kama natafuta kitu.

Sheria naijua. Mwanamume hamfuati mke kwa wakwe mikono mitupu, bila mzee wa kumsemea. Na kama amekwenda kusalimia tu? Kuresoi nzima itanicheka: karani ameshindwa kukaa siku mbili! Na kama hakwenda kusalimia tu, je? Namtaka Jelagat. Namtaka hapa, na kama hapa hapawezekani, sijui. Molo kuna kituo cha kupokea maziwa, nimesikia wanatafuta karani. Baridi ya Molo! Lakini ng'ombe wapo.

Penseli hii nimeitafuna mpaka kwenye risasi yake. Sasa hivi nimeona. Nina mbao mdomoni.

Basi la Molo linaondoka saa nane. Kesho ni kazi, na jino siwezi kulisingizia tena. Nimevaa viatu. Nimevua. Bi Kuluthum yuko dirishani, ananitazama bila hata kujificha.

"Vaa tu, mwanangu," anasema.

Nimevaa kimoja.