Mtungi wa Nne wa Mama Bushra

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, Kaunti ya Makueni
Tarehe 12 Machi 2025

Jina: Ndululu Kitonga
Umri: miaka 46
Kazi: kuosha mitungi, na kibarua chochote
Makao: chumba cha kupanga nyuma ya stesheni ya reli, Emali
Nyumbani: Migwani, Kaunti ya Kitui
Elimu: darasa la sita

Sikuitwa na polisi. Nimekuja mwenyewe asubuhi hii.

Nimekaa Emali miaka tisa. Hununua mitungi ya plastiki ya lita ishirini iliyotumika, nikaiosha na kuwauzia watu wa maji, wa maziwa na wa mafuta. Tuko wengi tunaofanya kazi hii nyuma ya stesheni. Mtungi uliokuwa na oili ya gari naumwagia maji moto, jivu, sabuni ya unga na kokoto, kisha nautikisa mpaka mabega yakatae. Nikiweka pua mdomoni mwake nisisikie harufu, nahesabu ni safi. Uliotoboka nauziba kwa kisu cha moto na kipande cha plastiki, kwa hivyo mtungi niliouziba naujua nikiuona.

Mwishoni mwa mwezi wa Januari, shemeji yangu Gedion Munyao alikuja na pikipiki akiwa amefunga mitungi nyuma. Gedion ni ndugu wa mke wangu Kathini, aliyebaki nyumbani Migwani, na mimi na Gedion tunalala chumba kimoja tangu nilipomleta Emali kutafuta kazi. Mtungi mmoja ulikuwa na mafuta yaliyobaki chini. Oili ya gari iliyotumika ni nyeusi. Haya yalikuwa mepesi na maangavu, rangi ya mkojo wa asubuhi. Nilimuuliza yametoka wapi, akasema garage. Nikamuuliza ni garage gani inayomwaga oili mpya. Akacheka.

"Wewe osha tu, shemeji. Mtungi hauna kabila."

Nikaosha. Ulikuwa na tundu karibu na mkono, nikauziba. Wiki hiyohiyo stima ilipotea katika kijiji kilicho nje ya mji, barabara ya kwenda Loitokitok, na watu wa stima walikuta transfoma imetobolewa na mafuta yake yamekaushwa. Nilisikia habari hiyo sokoni kama wengine. Siwezi kusema sikufikiria kitu. Nilifikiria, nikaacha.

Katikati ya Februari niliuza mtungi huo pamoja na mingine kwa Mishi Abdulkadir, tunayemwita Mama Bushra. Ni mjane, ana mashine ya kukamua alizeti karibu na soko, na amewalea watoto wake kwa mashine hiyo. Yeye hunitania kwa sababu ya kwetu Kitui, ambako watu husema kuna uchawi mwingi. Siku hiyo alinusa mtungi mmoja baada ya mwingine, akasema, "Mtu wa Kitui, usiniuzie wenye jini ndani." Nikamjibu kwamba majini yetu hayapandi basi. Alicheka, akanunua.

Mnamo tarehe 3 Machi, mteja wake anayekaanga chipsi alilalamika kwamba mafuta yakipata moto yananuka kama mashine. Polisi walikuwa wakitafuta mafuta ya ile transfoma, kwa maana ya wizi huuzwa kama ya kukaangia. Walichukua mitungi minne dukani kwa Mama Bushra na wakamkamata. Korti iliruhusu azuiliwe mpaka mafuta yapimwe. Sokoni watu walisema amewalisha sumu. Waliokuwa na mafuta yake nyumbani walikuja kuyamwaga mbele ya mlango wake, na ardhi pale inang'aa hadi leo.

Mnamo tarehe 10 Machi nilipewa kibarua cha kupakia mitungi hiyo minne kwenye gari la polisi na kuishusha katika maabara moja mjini Kitui. Konstebo Jonah, ambaye ndiye anayeandika maelezo haya, alikuwa ndiye anayeisindikiza. Nilipoinua wa nne niliona kiraka changu karibu na mkono. Niliupakia pamoja na mingine.

Fundi wa maabara anaitwa Nduku. Aliacha mlango wazi kwa sababu ya harufu ya dawa zake, kwa hivyo nilimwona akifanya kazi nikiwa nimekaa kwenye ngazi. Alikuwa na kioo kidogo kilichopakwa unga mweupe, kama ukuta wa chokaa. Karibu na ukingo wa chini alichora mstari kwa penseli, na juu ya mstari akaweka matone madogo kabisa: moja la mafuta ya kula yaliyo safi, moja la mafuta ya transfoma yaliyotoka kwa watu wa stima, na moja moja kutoka kila mtungi. Kisha alikisimamisha kioo ndani ya chupa ya mdomo mpana iliyokuwa na dawa kidogo chini, inayonuka kama petroli, akafunika. Dawa ilipanda ule unga polepole, kama unyevu unavyopanda ukuta wa udongo. Kioo kilipokauka alikitia kwenye chupa nyingine yenye chembe nyeusi za aidini, na madoa ya kahawia yakaanza kutokea mahali palipokuwa peupe.

Konstebo alisema, "Na watu wa Kitui wakiulizwa husema hakuna uganga huku."

Nduku alijibu kwamba mganga harudii kazi yake mara tatu, na yeye atairudia.

Alitueleza kwamba mafuta ya alizeti hushikwa na ule unga, ndiyo maana huishia njiani. Ya transfoma hayashikwi, yanapanda na dawa mpaka inapokomea. Mitungi mitatu ilikuwa na doa la njiani peke yake. Wa nne ulikuwa na hilo, kubwa, na jingine hafifu juu kabisa, sambamba na lile la transfoma.

"Basi huyo mama amekwisha," Konstebo alisema.

Nduku alimuuliza kama mitungi yote ilijazwa kutoka pipa moja. Konstebo alisema ndiyo. Nduku akasema kama mafuta mabaya yangetiwa ndani ya pipa, yangeonekana katika yote minne. Alikata kipande cha plastiki kwenye bega la ule mtungi, akakifuta vizuri, akakiloweka kwenye dawa, na dawa hiyo akaitia tone kwenye kioo kipya. Doa la juu lilitokea tena, zito kuliko la kwanza.

"Plastiki hunywa mafuta ya aina hii," alisema. "Ukiosha unaosha ngozi. Yaliyo ndani yanabaki, na ukitia mafuta mengine yanatoka kidogo kidogo. Huu ulitoka kwa nani?"

Konstebo alisema Mishi hununua kwa watu wengi na hakumbuki. Mimi nilikuwa pale pale kwenye ngazi.

Tukirudi Emali, Konstebo aliniambia kwamba kipimo hicho pekee hakimtoi yule mama, kwa sababu anaweza kuwa aliyanunua mafuta ya wizi ndani ya mtungi huohuo.

Jana jioni nilimpigia simu mke wangu, nikamweleza yote. Gedion ndiye ndugu yake wa pekee. Kathini akasema, "Ukimtaja, usije huku Pasaka." Nikamwambia nimesikia.

Sijui kama Gedion alitoboa transfoma. Sikumwona, na sitasema nilimwona. Najua mtungi ulikuja naye, najua mafuta niliyoyakuta ndani, na najua Mama Bushra aliununua kwangu ukiwa mtupu na mkavu. Hilo la mwisho hakuna mtu mwingine anayeweza kulisema.

Leo asubuhi nilimwacha Gedion amelala. Nilimwekea chai kwenye flaski.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyafanya, bila kulazimishwa na mtu. Ninaomba jambo moja: akikamatwa, aambiwe ni mimi niliyesema, asije akamdhania mwingine.

Sahihi: N. Kitonga

MAANDISHI YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, naye amekubali kwamba ni yake na ametia sahihi mbele yangu. Mishi Abdulkadir atafikishwa kortini kesho ili tuombe aachiliwe. Gedion Munyao alikamatwa leo saa tano asubuhi nyuma ya stesheni. Shahidi ndiye aliyetufungulia mlango.

Konstebo Jonah