Namsubiri wa Pili

Mpendwa Baba Asimwe,

Usidhani nimekuja kukulilia. Nililia mwaka jana, wakanishika mikono, wakanipepea na kanga, basi. Leo nimekuja kugombana na wewe, maana uliondoka katikati ya ugomvi wetu, jambo ambalo hukuwahi kunifanyia tangu tuoane. Sisi tulikuwa tunagombana mpaka tunamaliza, ndipo tunakula.

Nilikuwa na wivu. Nasema mwenyewe, tena mbele za watu, na wasome Kiruruma nzima. Nilimwonea wivu kila aliyepanda nyuma ya pikipiki yako. Siku moja tulikuwa tunamenya ndizi, ukaniambia dereva wa bodaboda anashikwa kiuno na nusu ya wilaya, ukacheka. Nikakurushia ganda likakupata sikioni. Lakini bibi wa miaka sabini akikushika kiuno sikujali sana. Niliyemjali ni Editruda.

Wewe unamjua, ila wanaosoma hawamjui. Editruda anauza vitenge, alikuja huku kutoka Muleba, na akikushukuru utadhani anakuhurumia. Kila Alhamisi alfajiri ulimbeba na mabunda yake kwenda gulioni Kyerwa. Na kila Alhamisi, kabla hajafika, uliifuta pikipiki kwa kitambaa kibichi kuanzia taa ya mbele mpaka namba ya nyuma. Jumapili ukinipeleka mimi kanisani, kiti kina vumbi, gauni langu jeupe linarudi na alama. Ulifikiri sioni? Naona sana.

Tena hicho kitambaa kilikuwa kitu kidogo. Kilichonichoma hasa ni ule msitu.

Unakumbuka mara ya kwanza uliponipeleka Kyerwa kumsalimia shangazi yako? Asimwe alikuwa hajazaliwa. Tulikuwa tunapita pale msitu unapoisogelea barabara huku na huku, na ukungu wa asubuhi ulikuwa mzito. Pongo jike, yule swala wa vichakani, akakatiza mbele yetu, mwekundu, shingo ameinyoosha, akatokomea upande wa pili. Mimi nikasema, "Haya, amepita, twende." Wewe ukazima pikipiki kabisa. Ukaninong'oneza, "Ngoja. Namsubiri wa pili."

Nikauliza wa pili yupi. Ukanieleza kwa sauti ya chini, sauti ambayo hata wakati wa kunichumbia sikuisikia. Ukasema huyu aliyevuka hana shida, umeshamwona. Anayemuua dereva ni yule anayemfuata, aliyebaki kichakani akiogopa muungurumo, kisha anaruka bila kutazama, wakati wewe umeshashusha pumzi na kuvuta mafuta. Ukasema honi inamchanganya tu, na breki ya mbele kwenye changarawe inakuangusha hata kabla hujamgonga. "Wenye gari mbele yao kuna bati," ukasema. "Sisi mbele tuna vifua." Kwa hiyo unazima, unahesabu mpaka kumi, ndipo unaondoka polepole. Ukaanza kuhesabu kwa Kinyambo, mkono wangu ukiwa tumboni kwako, nikawa nazisikia namba zinavyopita. Ulipofika munana, yaani nane, mtoto wake akachomoka mbele ya gurudumu kwa miguu yake myembamba, huyo akamfuata mama yake. Nilikushika kwa nguvu mpaka ukalalamika.

Tangu siku ile nikauhesabu ule msitu kuwa wangu. Tulikuwa tukipita pale natamani mnyama atokee, ili uzime, tukae kimya wawili.

Sasa nikawa nawaza: Alhamisi anapita pale na Editruda. Mnyama akitokea atazima tu, ndiyo kawaida yake. Watakaa kimya kwenye ukungu, mkono wa yule mwanamke tumboni kwa mume wangu, naye anamhesabia. Loo, roho iliniwaka! Kumbeba ni kazi, sawa, nimekubali. Lakini kumhesabia!

Halafu ikaja ile Alhamisi. Nilisimama mlangoni nikakuona uani unamvalisha Editruda kofia ngumu. Kofia yetu ile moja, nyekundu, niliyokuchagulia mimi mwenyewe Kayanga baada ya kuzijaribu kichwani mwangu mpaka muuzaji akachoka. Ukamfunga mkanda chini ya kidevu, ukamwuliza, "Inabana?" Miaka yote hiyo, Baba Asimwe, mimi hukuwahi kuniuliza kama inabana.

Mkaondoka. Nikachukua jembe nikaenda kupalilia maharage, nikang'oa na maharage yenyewe. Nikavumilia, nikavumilia, nikashindwa. Nikakupigia simu. Ukapokea upesi, ukanong'ona. Mume wangu ananong'ona!

"Uko wapi?" nikauliza.

"Ngoja kidogo, Mama Asimwe. Namsubiri wa pili."

Nikiapa hapa kwamba nilikumbuka msitu, nitakuwa mwongo. Sikumkumbuka pongo, wala shangazi, wala ukungu. Nilisikia wa pili, nikaelewa mke wa pili. Lile neno moja lilinitosha. Nikakufokea mpaka kuku wakatawanyika migombani: "Basi baki naye huyo wa pili wako, na hapa usirudi!" Nikakata simu.

Hukurudi.

Wenzako wa kijiweni walikuja kabla umande haujakauka. Pikipiki nne, zinakuja polepole, hakuna aliyepiga honi. Nilijua kabla hawajashuka. Walisema ni mnyama, kwamba alirukia gurudumu la mbele pale msituni na ukaangukia kichwa. Nikauliza kofia ilikuwa wapi, wakatazamana. Kofia ilikuwa kichwani kwa Editruda. Yeye alivunjika mkono, kichwa chake kizima.

Nilimkuta hospitali amelala, kofia iko juu ya kabati pembeni yake, ina mkwaruzo mmoja mrefu. Nikaichukua nikatoka. Sikumpa hata pole.

Watu hawakunisaidia. Wapo waliosema ulikuwa unakimbiza ili kumfurahisha mwanamke. Wapo waliosema alionekana mtu amesimamisha pikipiki porini na abiria wa kike, sasa wamesimama wanafanya nini? Mimi nilitaka kujua kitu kimoja tu, nacho kilininyima usingizi kuliko kifo chenyewe: ulikufa ukiwa wangu, au ulikufa ukiwa wake? Wa kumwuliza alikuwa mmoja, na huyo sikutaka hata kumwona.

Baada ya Pasaka akaja mwenyewe. Mkono haunyooki vizuri, kitenge kizuri kama kawaida yake. Nikampa kigoda. Kahawa ya kutafuna sikumpa, na kwetu huku mgeni asipoletewa kahawa anaelewa. Akaelewa, lakini hakuondoka.

"Mama Asimwe," akasema, "najua unavyonichukia. Nichukie tu. Ila nina mzigo wako, na nimechoka kuubeba."

"Utue basi."

"Pongo alivuka. Baba Asimwe akazima. Mimi nikamwambia amepita huyo, twende, wenzangu watanichukulia nafasi gulioni. Akaniambia ninyamaze, anamsubiri wa pili. Akaanza kuhesabu kwa Kinyambo. Simu yako ikalia."

Jembe lilikuwa mkononi mwangu. Nililiweka chini. "Alikuwa amefika ngapi?"

"Mukaaga. Sita."

"Halafu?"

"Ulivyomkatia simu alicheka. Alicheka, Mama Asimwe, mpaka pikipiki ikatikisika. Akasema huyu mwanamke ana wivu mpaka na pongo. Akasema siku usipomfokea, chakula hakimpandi. Akaniambia, 'Shika vizuri, tuwahi pale juu kwenye mtandao mzuri nimpigie, kabla hajatoka Kiruruma kwa miguu kunifuata.' Akawasha. Hakurudi kuhesabu."

Kumbe hukuwa unawahi gulio, wala hukuwa unamkimbizia Editruda. Ulikuwa unaniwahi mimi. Na aliyekukatisha hesabu ni mimi, kwa mdomo wangu huu. Nimeshalisema kwa padre, nalisema na kwako: nisamehe, mume wangu. Nilikuona unaibiwa, kumbe mwenye kukupoteza ni mimi.

Lakini na wewe una kesi. Miaka yote nakupikia, mbona hukuniambia hata siku moja kwamba chakula hakikupandi bila kelele zangu? Ulikuwa unakula umeinama, kimya, unasema chumvi imezidi. Maneno matamu hivyo ukaenda kumpa muuza vitenge! Niliona wivu pale pale, machozi yananitoka na wivu umenikaba. Nikaingia ndani, nikamletea kahawa. Nikamwambia, "Rudia. Pale alipocheka."

Akarudia.

"Rudia tena."

Akarudia mara tatu, maskini, jasho linamtoka. Mara ya tatu akaigiza na kicheko chako, akakosea. Nikamwonyesha kinavyokuwa.

Siku hizi nikipanda bodaboda kwenda Kyerwa, tukifika msituni namwambia dereva azime, mnyama awepo asiwepo. Wengine wananung'unika, wengine wanadhani akili zangu zimeyumba. Nawaambia wazime au nashuka, wanazima. Kofia nyekundu naivaa mimi. Na kama ulitaka kujua, inabana kidogo.

Editruda ameniomba tuwe tunakwenda gulioni pamoja Alhamisi. Nimekataa. Tunasalimiana, kahawa nampa, lakini msituni siendi naye. Zile namba sita alizisikia yeye, mgongoni kwako, na siwezi kumnyang'anya. Hizi nne zilizobaki hazisikii mtu. Nazihesabu moyoni, mikono nimejishika mwenyewe: mushanju, munana, mwenda, ikumi.

Haya, sasa nenda, Baba Asimwe. Njia nyeupe.

Mkeo, na hakuna mwingine,
Mama Asimwe