Kushoto kwa Baba

Jumamosi, 10 Februari

Wageni wamefika! Wiki ya likizo, na kijiji kizima kimejaa magari yenye sleji za kuteleza thelujini juu ya paa. Tangu asubuhi niko kwenye mteremko wa watoto, nawafundisha kuteleza. Vilio, kamasi, glavu zilizopotea. Kuna mmoja wa miaka minne kakataa katakata kukanyaga zulia linalotembea, lile la kuwapandisha juu — eti litamla miguu. Nimepanda naye mpaka akazoea. Sauti imenikauka.

Mchana Baba alishuka kunywa supu ya shayiri nasi walimu bandani. Curdin, meneja wetu, akamtania: "Mzee Placi, mteremko leo umeutandika kama shuka la hoteli. Utastaafu lini, na sisi tusifiwe?" Baba akacheka. Miaka na miaka ni yeye na katapila lake la theluji — kila jioni wageni wakishaondoka, analainisha mlima. Akajimiminia chai. Nusu ikaenda mezani. Watu wakacheka. Mimi pia.

Jumatatu, 12 Februari



Jioni nilipanda na Baba kwenye katapila, nikusanye vijiti vya njia ya watoto. Mlima ulishafungwa. Tunapanda, yeye anaimba. Kumbe kuna mama kachelewa, anashuka kwa miguu pembeni, anavuta mtoto kwenye sleji. Upande wa kushoto. Koti jekundu! Nikangoja Baba apunguze mwendo. Hapunguzi. Anakata kona — kushoto, kule kule! Nikapiga ukelele. Breki. Koleo la mbele likasimama hatua chache tu kutoka kwenye sleji. Mtoto akatupungia mkono, maskini, akidhani tunamsalimu. Mama yake alimkumbatia, akakaa chini kwenye theluji.

"Walikuwa nyuma ya tuta," Baba akasema.

Tuta gani? Hapakuwa na tuta pale.

Hakuimba tena.

Jumanne, 13 Februari

Nimemwuliza. Jikoni kwake, anakata soseji. Dirishani kuna kichupa cha dawa. Nikasema, Baba, hii ya nini? Akajibu ya macho, kwani hujui kusoma?

Ikatoka kidogo kidogo. Presha ya macho. Daktari kule mjini Chur alimwambia tangu vuli: pembeni kumeshakufa, kushoto zaidi, kumebaki katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Asiendeshe chochote. Ndiyo maana aliuza gari! Mimi aliniambia ni goti.

"Barabarani siendeshi," akasema. "Lakini mlima huu naujua kila tuta."

"Tuta halivai koti jekundu, Baba."

Akaweka kisu chini. Akasema nimwache mpaka Jumapili tu, sherehe ya watoto ipite, aage kama watu wanavyoaga. "Ukienda kwa Curdin kabla ya hapo, usiniite baba tena."

Tangu Mama afariki, ana nini kingine? Nikasema sawa. Sawa! Ulimi huu. Ila kwa sharti: kila jioni napanda naye, nakaa kushoto. Akaguna. Nikachukulia ni ndiyo.

Jumatano, 14 Februari

Nilibisha hodi ofisini kwa Curdin. Nilikuwa nimejipanga njiani, neno kwa neno. Kabla sijafungua mdomo kaanza yeye: Flurin, dereva wa akiba, kavunjika mkono, dereva mwingine hapatikani bonde zima. "Bila mzee wako, Ursina, Jumapili hakuna sherehe. Mwombee afya."

Nikauliza kama riboni za watoto za sherehe zimefika. Nikatoka na boksi la riboni. Mwoga mkubwa mimi.

Jioni nilikaa kushoto kwake. Nasema "mti", nasema "nguzo". Haitiki. Lakini usukani unasikia.

Alhamisi, 15 Februari

Naandika bandani kwa kalamu ya rangi ya watoto. Nisipoandika nitapiga kelele. Curdin yuko nje na simu, anaenda anarudi, anaongea na wakubwa.

Ukungu ulishuka mchana, ghafla, mzito. Lifti ya viti ikasimamishwa mapema. Curdin akatangaza kwenye redio zetu za mkononi: mlima ni mtupu. Mimi nilibaki na mtoto ambaye wazazi wake hawajaja kumchukua, nikamwambia Baba anisubiri. "Nakusubiri," akasema. Hakusubiri! Nikasikia injini inapanda, inapotelea ukunguni.

Halafu Mengia redioni. Mwalimu mwenzangu, msichana hodari, lakini sauti haikuwa yake. Yuko na watoto saba. Walijibanza juu mgahawani wakinywa chokoleti, hakusikia tangazo, sasa wanashuka kwa miguu na sleji zao, wameshikana kamba, wako ukingoni upande wa msitu. Na anasikia katapila. "Linakuja, Ursina. Silioni. Nalisikia tu!"

"Baba, simama! Kuna watoto!"

Injini tu.

"Baba!"

"Upande gani?"

"Wa msitu. Kushoto kwako!"

Halafu kwenye redio hiyo hiyo ya wote — Curdin anasikia, watu wa lifti wanasikia, mlima mzima — akasema taratibu, kama anayeomba chumvi mezani:

"Kushoto sioni. Kushoto sina jicho, Ursi."

Injini ikazimika.

Mengia amewafikisha chini wote, wazima, wanalia kwa baridi tu. Anasema walipita karibu kabisa na taa za katapila. Watoto wakampungia dereva. Akawapungia na yeye — akiwa anatazama upande mwingine.

Curdin alinitazama. "Ulijua?"

"Tangu Jumanne."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Akamwambia Baba anamtumia mtu na pikipiki ya theluji amteremshe. Baba akakataa. Hashuki mlima wake kama mzigo. "Mleteni Ursina. Ana leseni ya trekta, nilimfundisha mwenyewe. Ashike usukani yeye, mimi nitakaa pembeni." Curdin akasema haiwezekani, sheria, bima, ukungu huu! Baba akasema basi atalala huko huko.

Ndipo Curdin akatoka na simu. Hajarudi. Nimeshavaa buti, glavu moja mkononi, nyingine sijui iko wapi. Wakikubali, sijui kama nitaweza. Wakikataa, nitapanda kwa miguu.

Redio inakwaruza tena.

"Ursi, upo?"

"Nipo, Baba."

"Giza limeshaingia, au ni mimi?"

Nimechungulia dirishani. Nje bado kweupe.