Mlango wa Chumba Chako

Kaka, shikamoo.

Mwalimu wa Kiingereza ametupa vitenzi vya mazungumzo, kila kimoja tukitungie sentensi ya nyumbani. "Whisper", kunong'ona, nimempa mama. "Insist", kushikilia neno, nimekupa wewe, usinune. "Apologise", kuomba radhi, kilinishinda. Tangu ulipogombana na baba, ukabamiza mlango hadi ukavunjika, ukaondoka, hakuna aliyeomba.

Jana baba aliweka randa yake ya useremala chini. "We msomi, ukimwandikia kaka yako, mwambie mlango wake nimeutengeneza. Unafunguka vizuri."

"Nimwambie unaomba radhi?"

"Mwambie mlango!"

Basi kwenye "apologise" nimeandika: baba alitengeneza mlango. Mwalimu atasema nimekosa. Wewe utasemaje?

Mdogo wako,
Msomi