Tuta Linalokata Njia ya Maji

Mjukuu wangu Mwende,

Mimi na nyanyako tu wazima huku Kwale, na mbaazi zimekomaa. Umeuliza kwa nini mteremko wa 2, kwa mstari unaoukata kwa pembe mraba, unakuwa −½.

Nikiwa kijana Mbooni, mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana, kilikuja kuchimba tuta la kukinga maji yasibebe udongo wa shamba la mama. Nilichora njia ya maji kwenye karatasi ya miraba: moja kulia, mbili juu. Kisha nikaizungusha karatasi robo duara kuelekea kulia. Zile mbili zikalala. Ile moja ikashuka: mbili kulia, moja chini, yaani −½.

“Mwanafunzi, mvua haingoji hesabu!” shangazi akanitania.

“Chimbeni hapa,” nikawaonyesha mstari huo shambani.

Mvua iliponyesha, mama alilikagua tuta, akacheka. “Udongo wangu uko.”

Anza na −½, kisha ingiza nukta uliyopewa kwenye swali lako, upate mlinganyo wa mstari.

Babu yako